Mwongozo wa Kumchagulia Kuku Chakula Bila Kumuuliza Kuku

Kanuni ya kwanza: usimshirikishe kuku. Kuku wa Sirari ana msimamo wake kuhusu chakula, na msimamo huo hauendani na hadhi yako. Ukimfungulia mlango saa kumi na mbili asubuhi hatakwenda kwenye kilishio kipya ulichonunua Tarime mjini. Atapitia jalalani, atachakura nyuma ya choo, ataingia chini ya lori linalosubiri kuvuka mpaka kwenda Isebania, Kenya, akague kama kuna gunia linalovuja, kisha atamalizia kwenye turubai la jirani ambako ulezi umeanikwa. Kiumbe wa tabia hizo hawezi kuachiwa uamuzi mzito wa kuchagua kati ya unga, chenga, peleti na punje. Uamuzi ni wa mwenye pesa, na mwenye pesa ni wewe, au angalau ndivyo muuza duka anavyoamini.

Ujue pia kwamba unaanzia mahali pagumu. Tarime mtu akikuuliza una mifugo mingapi, anauliza ng'ombe. Mbuzi na kondoo hutajwa baadaye, kwa adabu. Kuku hawahesabiwi. Ni wa mama, wapo tu, wanalala jikoni au juu ya mti, na hakuna anayejua idadi yao mpaka mgeni atokee bila taarifa. Hapo ndipo mzee anapowakumbuka wote kwa rangi na tabia. Kwa hiyo mwanamume mzima akionekana ameinama juu ya gunia la chakula cha kuku, anahitaji sababu. Sababu ya siku hizi inaitwa mradi. Litamke neno hilo mlangoni kabla hujaingia dukani, kwa sauti ya kufika barabarani.

Ndani utakuta magunia yamepangwa kwa heshima. Unga, ambao wenyewe wanauita mashi, ni mahindi, pumba, mashudu, dagaa, chokaa na vitamini vilivyosagwa na kuchanganywa. Peleti ni unga uleule uliopigwa mvuke wa moto, ukakandamizwa kwenye matundu ya chuma ya milimita chache, ukatokea upande wa pili vipande vifupi vya mviringo. Chenga ni peleti iliyovunjwavunjwa. Punje ni nafaka nzima, haijaguswa na mtu ila mkulima na, usiku, panya. Ukitulia utagundua kwamba vitatu vya kwanza vinaweza kuwa chakula kilekile: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Muuza duka hatakuambia hivyo, maana bei zake nazo ni mbalimbali.

Vitabu vya ufugaji hushauri uanze kwa kujua umri wa kuku na kazi yake, kama ni kifaranga, anayekua, wa kutaga au wa nyama. Ushauri mzuri, ila hapa mpakani tunaanza kwa kujua umri wako wewe na kazi yako. Mtumishi aliyekaribia kustaafu hununua peleti, kwa sababu aliiona kwenye semina. Mwenye baa anayefuga kuku wa kuchoma hununua cha bei ya chini kuliko vyote na kuongeza mabaki ya ugali wa jana. Kijana mwenye simu kubwa hanunui kitu. Anapiga picha magunia yote, anazituma kwenye kundi la WhatsApp, anarudi nyumbani kusubiri ujumbe wa sauti kutoka kwa mtaalamu ambaye hakuna anayejua anaishi mkoa gani. Na mama mwenye kuku wake watano, ambaye ndiye mfugaji wa kweli kati ya hao wote, huingia dukani kwa nadra, na mazungumzo huenda hivi:

"Karibu mama, nikupe nini?"

"Chakula cha kuku, mwanangu."

"Wa mayai au wa nyama?"

"Wa mgeni."

"Mama, aina hiyo hatuna. Wanataga?"

"Wakijisikia."

Kijana hufikiri kidogo, kisha humpimia kilo mbili za kile kilicho karibu na mlango. Huo ndio utaratibu uliozoeleka, na usiudharau. Umelisha kuku wengi.

Tuanze na unga, kwa kuwa ndio wa bei nafuu na ndio unaodharauliwa. Uzuri wake ni kwamba kuku huchukua muda mrefu kuumaliza. Anadonoa, anapangusa mdomo, anakunywa maji, anarudi. Kuku aliyefungiwa bandani, akiwa na shughuli ya namna hiyo, hapati nafasi ya kumnyofoa mwenzake manyoya. Ubaya wake ni kwamba kuku anachagua. Anaanza na vipande vikubwa vya mahindi, anaacha vumbi, na kwenye vumbi hilo ndiko ziliko vitamini, madini na sehemu ya ile protini uliyoilipia. Jioni unakung'uta kilishio mlangoni, na upepo unaichukua lishe yote kuelekea Kenya bila kugongewa muhuri.

Kuhusu kilishio chenyewe: kijaze hadi pomoni. Najua wataalamu wanasema ujaze theluthi moja tu, na ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku ili asimwage. Wataalamu hawana majirani. Kilishio kilichojaa theluthi kinamfanya mpita njia aulize kama mradi umeyumba. Kilichofurika kinamfanya akuite bosi, na kile kinachomwagika chini si hasara, kwa kuwa kitawavuta kuku wa jirani, nao wakija utaonekana una kuku wengi.

Wapo wanaouloweka unga kwa maji ili vumbi lishikamane, na kusema kweli kuku huufurahia sana ukiwa hivyo. Ila loweka wa kuliwa ukaisha muda uleule. Ukiloweka beseni zima asubuhi ili upumzike hadi jioni, joto la mchana litauchachusha, ukungu utafuata, na kuku watakapoanza kuzubaa utaanza kuwatazama majirani kwa jicho la ushirikina.

Peleti ni habari nyingine. Peleti ina mng'ao. Ukiimwaga kwenye kilishio cha bati inalia hadi nyumba ya tatu wasikie. Haipeperuki, na haichaguliki: kila kipande kina kila kitu, kwa hiyo kuku akimeza kimoja amemeza mchanganyiko mzima, apende asipende. Ndiyo maana wanaofuga kuku wa nyama, wanaotaka ndege afike sokoni akiwa na wiki 5 au 6, wanaipenda. Kinachopotea chini ni kidogo na kinacholiwa kinageuka nyama upesi. Wenye soko la uhakika kule Nyamongo, ambako mgodi umeleta midomo mingi yenye mishahara, wana sababu ya kuinunua. Wewe mwenye kuku saba wanaozurura una sababu pia, ila ni ile ya nyumba ya tatu kusikia.

Tatizo linaanza unapompelekea kuku wa kienyeji. Kuku hachagui chakula kwa ulimi. Vinundu vya ladha anavyo, lakini vichache mno ukilinganisha na vyetu. Anachagua kwa jicho, kisha kwa ncha ya mdomo, na kitu asichokijua hukiogopa. (Tukiwa hapo: ndege hahisi ukali wa pilipili, kwa hiyo pilipili unayowawekea kwenye maji kutibu mdondo inamuwasha aliyeiponda peke yake. Mdondo hauna tiba. Una chanjo, na ile inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni.) Basi unamwaga peleti, kuku wanakusanyika, wanaitazama kwa jicho la kushoto, wanageuza shingo wanaitazama kwa la kulia, wanaondoka. Anayejua kazi angekuambia uichanganye kidogo kidogo na chakula walichozoea kwa muda wa kama wiki moja. Mwenye mradi hana wiki. Anahitimisha kwamba kuku wa Kikurya ni wabishi kuliko Wakurya wenyewe, na jioni hiyohiyo anaanza kuulizia Kuroiler.

Kuroiler alizalishwa India kwa ajili ya kufugwa uani, na Sasso asili yake ni Ufaransa. Wote wawili wanakua upesi kuliko kuku wetu na wote wawili wanajua kuchakura. Lakini miili ile hailishwi na jalala peke yake, na mtu aliyeshindwa kuwalisha kuku wembamba hapati nafuu kwa kununua wanene.

Ukiamua peleti ni lazima, basi kabla ya kulipa ingiza mkono hadi chini ya gunia. Peleti nzuri, iliyopigwa mvuke ipasavyo, hufika ikiwa nzima. Iliyokandamizwa kwenye kimashine kisicho na mvuke husafiri kutoka Mwanza kwenye barabara ikigongana njia nzima, na ikifika Sirari juu ni peleti, katikati ni chenga, chini ni unga. Umenunua maumbo matatu kwa bei ya moja, na bei hiyo ni ya lile la juu. Usilalamike kwa nguvu. Muuza duka atakuambia ndiyo faida.

Halafu kuna suala la mpaka, ambalo mtu wa Singida hatalielewa. Upande wetu gunia lililozoeleka ni la kilo 50. Upande wa pili utakutana na la kilo 70. Bei inatajwa kwa shilingi, na ni shilingi ya nani utajua wakati wa kurudishiwa chenji. Kuna anayepima kwa sado na anayepima kwa gorogoro, na wote wawili watakuapia kwamba chombo chao ndicho kikubwa. Usipoteze muda kwenye hesabu hizo. Hesabu yenye maana ni hii: kuku anayetaga, mwenye mwili wa kawaida, hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku kumi wakifungiwa humaliza gunia la kilo 50 kwa wiki 6 hivi. Kuku watano na gunia la kilo 70 ni miezi minne, na kwa miezi minne vitamini zimechoka, fukusi wamefungua matawi, na mvua ikiingia katikati, chini ya gunia pameota ukungu. Lakini gunia la kilo 70 likikaa sebuleni linaonekana. Kilo kumi kwenye mfuko wa nailoni hazionekani, na ndizo zinazokutosha.

Chakula kinavuka mpaka kwa karatasi zake. Kuku wachanga usijaribu. Mwaka 2006 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza vifaranga kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwezi Oktoba 2017 kwenye mpaka wa Namanga vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto wakiwa hai, jambo lililozua kelele pande zote mbili. Mtetea aliyekomaa akijivukia mwenyewe kwa miguu, akadonoa Isebania na kurudi kutaga kwetu, huyo tumuite ujirani mwema.

Chenga nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa haina kichekesho. Chenga ndiyo inayomfaa kifaranga. Mdomo wake ni mdogo. Peleti akiwekewa anaizunguka, anaipanda, anasimama juu yake kutafuta chakula. Unga wa vifaranga uliosagwa vizuri unamfaa pia. Anahitaji protini ya asilimia 18 hadi 20, ambayo hakuna jalala la Sirari linaloweza kumpa kila siku, na hadi atimize wiki 8 kifaranga wa kuku wa mayai atakuwa amekula kama kilo 2 tu, pungufu au zaidi kidogo. Kilo mbili! Kifaranga wa kienyeji hafiki hata hapo. Kama kuna pesa ya kutumia dukani, ni hii. Na sisi tunafanya nini? Tunamnunulia jogoo peleti, jogoo ambaye angeweza kuishi kwa vitisho peke yake, kisha vifaranga tunamwachia mama yao awatafutie kwenye umande. Wanaanguliwa kumi na wawili, mwezi ukiisha wamebaki watatu, na lawama yote anapewa mwewe. Mwewe ana makosa yake, sikatai, ila wengi alikuta wameshadhoofu.

Wenye huruma huenda upande wa pili kabisa: huwamegea vifaranga chakula cha kuku wanaotaga, kwa hoja kwamba ni cha bei kubwa kwa hiyo kina nguvu. Kina nguvu kweli. Kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya maganda ya mayai, wakati kifaranga anahitaji kama asilimia 1. Ziada hiyo inakwenda kwenye figo zake, na figo za kifaranga ni ndogo kuliko punje ya maharage.

Sasa punje. Punje ndiyo chakula cha kuku kinachoheshimika kuliko vyote, kwa sababu kinatupwa kwa mkono, na mkono ukitupa punje kuku wote wanakuja mbio na mtu anajisikia kiongozi. Wahenga walionya tusimwage mtama penye kuku wengi, nadhani wakiwa na bei ya mtama akilini. Mahindi yana wanga wa kutosha ila protini yake ni asilimia 8 au 9, kwa hiyo kuku anayelishwa mahindi matupu hunenepa na kusahau kutaga. Na akiwa bandani siku nzima lazima awekewe changarawe, maana hana meno. Kusaga ni kazi ya firigisi, na firigisi inasaga kwa vijiwe. Anayezurura anajiokotea mwenyewe.

Mahindi gani? Hapa mila yetu iko wazi kabisa. Mahindi mazuri yanauzwa. Ya wastani yanasagwa ugali. Yaliyoloa kwenye ghala, yakashika rangi ya kijani na harufu ya kabati la marehemu, yanapewa kuku, kwa kuwa kuku haumwi tumbo. Ukitaka kufuata mila hiyo, fuata, lakini ujue imetoka wapi elimu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye ukungu, na ndani yake wakaikuta sumu hiyo. Yaani dunia iliijua sumukuvu kupitia chakula cha ndege wa kufugwa. Mwaka 2016 ilikuja kwetu waziwazi, Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na chanzo kilikuwa mahindi. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nchi mbili ziliandikiana barua kuhusu kitu ambacho mtu wa Sirari anamwagia kuku wake kwa kikombe. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kuku hudumaa, hupunguza kutaga, ini lake hubadilika rangi, na mabaki ya sumu yanaweza kuingia kwenye ini na kwenye yai. Ini, nadhani, unalipenda.

Ikiwa bei zimekushinda zote, utaambiwa uchanganye mwenyewe. Huu ndio ukurasa wa furaha katika maisha ya kila mwenye mradi, kwa sababu unahitaji koleo, sakafu ya saruji, vijana wawili wa kupigiwa kelele na ule ujumbe wa sauti uliosubiriwa. Mahindi yaliyoparazwa unayo. Pumba unayo. Dagaa wanatoka ziwani, karibu tu hapo Musoma, na kwa kuwa wale wa mifugo mara nyingi wamekaushwa juu ya mchanga, sehemu ya uzito unaonunua ni ufukwe wa Ziwa Victoria. Wachekeche kwanza. Usipowachekecha umelipa bei ya protini kununua changarawe, ingawa, kama tulivyosema, kuku wa bandani alikuwa anazihitaji.

Mashudu ya alizeti yanatoka mbali kidogo na yana makapi mengi. Mashudu ya pamba yako jirani, maana pamba inalimwa Bunda na Serengeti. Weka mengi ya pamba ikiwa unataka mayai ya kuzungumziwa. Mbegu ya pamba ina kemikali inayoitwa gosipoli, na ikizidi kwenye chakula, yai likikaa siku kadhaa kiini chake hugeuka rangi ya kijani ya uji wa mlenda. Mteja akivunja yai la namna hiyo mbele ya wageni wake hatakusahau. Soya ni nzuri kuliko yote haya lakini lazima ikaangwe. Mbichi ina kizuizi kinachomzuia kuku kumeng'enya protini, hata ile aliyoipata kwa dagaa wako uliowachekecha kwa jasho.

Chokaa iwe ya mifugo. Nasema hivi kwa uso mkavu kabisa: ile ya kupaka ukuta si yenyewe, hata kama muuza duka ni yuleyule na koleo ni lilelile. Ukikosa, maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa yanatosha, na hata maganda ya mayai yenyewe yakikaushwa na kupondwa. Vitamini ambazo ni gramu chache kwa gunia zima usizirushe juu ya lundo na kuomba Mungu azisambaze. Zichanganye kwanza na unga kidogo kwenye beseni, kisha unga huo kwenye mwingi zaidi, ndipo upeleke kwenye lundo. Hakuna anayefanya hivyo. Ndiyo maana katika kila mchanganyiko wa nyumbani kuna kuku mmoja anayepata vitamini za wenzake wote na kuanza kuwika ilhali ni jike.

Kama gunia umelinunua tayari, soma maandishi yake. Tanzania ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13 ya mwaka 2010, kwa hiyo ubora wa chakula cha kuku ni jambo la kisheria. Gunia lenye picha ya jogoo mnene peke yake, bila tarehe wala kilichomo, limekupa jogoo wa kutazama.

Nimeliacha hadi hapa umbo la tano, ambalo haliuzwi dukani na ndilo linalolisha kuku wengi wa Sirari: la kujitafutia. Majani, funza, panzi, mabaki ya ugali, mbegu za magugu. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kuku wa bandani anayelishwa mahindi na pumba hutaga yai la kiini kilichopauka, wakati huyu mzururaji kiini chake ni cha njano nzito na mteja anakilipia zaidi bila kuuliza kilitoka jalala gani. Ukitaka kumsaidia bila kuingia dukani, chukua chungu kilichopasuka, kijaze kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya mahindi, kifunike juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi kigeuze mbele ya vifaranga. Ni protini ya bure. Kanga wa porini kule Serengeti wanakula mchwa tangu zamani na hawajawahi kuhudhuria semina.

Na sehemu kubwa ya kujitafutia, tuseme ukweli, ni jirani. Ulezi wake ukiwa juani ndio chakula kamili: punje ndogo inayoingia mdomo wowote, imekauka vizuri, haina ukungu kwa sababu yeye anaugeuza kila saa. Ukichagua umbo hili, zingatia utaratibu. Usiwafungulie kuku wote kwa pamoja. Watatu watatu hawaonekani. Jirani akipiga kelele, toka haraka ukiwa umeshika fimbo, uwafukuze kwa hasira kuliko yeye, ukiwaita majina mabaya. Akisema, "Mura, kuku wako wamenimaliza," mjibu kwamba hao weusi si wako. Shauri likifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda na gunia la peleti begani kama ushahidi kwamba kuku wako wanakula dukani.

Kisha mgeni atatokea, kama alivyotabiriwa na yule mama, na watoto watatumwa kumkimbiza mtetea aliyenona kuliko wote. Firigisi ni ya baba au ya mgeni, kwa hiyo itapasuliwa kwa uangalifu, na ndani yake pataonekana kila kitu: vijiwe, kipande cha chupa, mabawa ya mchwa, na konzi nzima ya ulezi ambao nyumba hii haijaulima mwaka huu. Ioshe haraka, maji uyamwage mbali, na jirani akija kumsalimu mgeni, mpe paja.